Je, Wajua? Kuona Bila Kuonekana

Je, wajua kwamba ujumbe wa kwanza wa SMS duniani haukujibiwa? Tarehe 3 Desemba 1992 mhandisi kijana wa Uingereza, Neil Papworth, alikaa mbele ya kompyuta, akaandika salamu za Krismasi na kuzituma kwenye simu ya Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone. Zilifika. Jarvis alizisoma, na mambo yakaishia hapo, kwa sababu simu yake ilijua kupokea ujumbe tu, kutuma haikujua.

Leo safu hii inapitia vipengele ambavyo watumiaji wa programu za ujumbe wamevidai kuliko vingine: wa WhatsApp zaidi, maana ndiyo iliyojaa mikononi mwetu, lakini na wenzao pia. Msomaji atagundua mapema kwamba madai yetu yana ukorofi ndani yake. Kila mtu anataka kumwona mwenzake, na hakuna anayetaka kuonekana.

Je, wajua herufi 160 za SMS zilitoka wapi? Mjini Bonn, Ujerumani, mwaka 1985, Friedhelm Hillebrand alikaa na taipureta akaandika sentensi za kubahatisha, maswali na salamu, huku akihesabu herufi, vituo na nafasi. Karibu zote zilikwisha kabla ya kufika 160. Akatazama na urefu wa maneno ya postikadi na ya teleksi, akaridhika. Na ukitia emoji moja tu ndani ya SMS, nafasi inashuka hadi herufi 70, kwa sababu simu inalazimika kuhamia mfumo wa herufi unaokula nafasi zaidi. Ndiyo maana kikatuni kimoja cha kucheka kinaweza kukukata salio mara mbili.

Je, wajua kipengele kilichotakiwa kuliko vyote Afrika Mashariki kabla ya simu janja? Bure. Ndiyo iliyozaa kubip, yaani kupiga na kukata kabla ya kupokelewa. Jonathan Donner, mtafiti aliyekusanya habari zake Rwanda, alichapisha mwaka 2007 makala ya kitaalamu kuhusu kanuni za kubip. Alionyesha kwamba mlio ule mmoja ulibeba maana kadhaa: nipigie, au nimeshafika kama tulivyokubaliana, au nimekukumbuka tu. Na ulikuwa na adabu zake. Mwenye uwezo hambipu asiye nacho, na kijana anayemtongoza binti asithubutu kumbipu, ajipange na vocha.

WhatsApp nayo ilikuwa ya kulipia: mwaka wa kwanza bure, baadaye dola moja kwa mwaka. Januari 2016 ada hiyo ikaondolewa, na sababu mojawapo iliyotolewa na kampuni yenyewe ni kwamba watumiaji wengi hawakuwa na kadi ya benki ya kulipia. Uvumi kwamba itaanza kutoza usipousambaza ujumbe huu kwa watu kumi haujafa mpaka leo, na sidhani kama utakufa.

Uganda ilielekea upande mwingine. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018, aliyetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter alipaswa kulipa kwanza kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku. Watu wakakimbilia VPN ili kuikwepa. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja tozo ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe.

Je, wajua kwamba simu ndogo za Nokia za mfumo wa S40, zile za vitufe, ziliendelea kuhudumiwa na WhatsApp hadi tarehe 31 Desemba 2018? Kampuni nyingi zilikuwa zimeshazisahau. Siri ya kuenea ilikuwa hapo: programu iliyokubali kukaa kwenye simu ya mtu wa kawaida.

Sasa tuje kwenye tiki, maana hapo ndipo penye maneno.

Je, wajua kwamba kabla ya tiki kulikuwa na herufi? BBM, huduma ya ujumbe ya BlackBerry iliyoanza mwaka 2005, iliweka D pembeni ya ujumbe uliofika na R pembeni ya uliosomwa. Vijana wa Nairobi na Lagos walioringa na BlackBerry zao walijua uchungu wa kuikodolea macho ile R bila jibu. BBM ilifika kwenye Android na iPhone Oktoba 2013, wakati watu wameshahama. Ikafungwa tarehe 31 Mei 2019.

Je, wajua kwamba tiki mbili za kijivu za WhatsApp hazijawahi kumaanisha "amesoma"? Tiki moja ni kwamba ujumbe umeondoka kwako. Mbili ni kwamba umeingia kwenye simu ya mwenzako. Basi. Hata hivyo watu waligombana miaka mizima wakiamini vinginevyo, mpaka Novemba 2014 kampuni ilipoleta rangi ya bluu kwa ajili ya ujumbe uliosomwa. Ungedhani watu wangeshangilia. Walipiga kelele! Waliokuwa wakidai kujua kama wenzao wamesoma walishtuka kuona kwamba nao sasa wanajulikana. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Haukupita muda mrefu kampuni ikaweka kitufe cha kuzima bluu, lakini kwa sharti la haki: ukizima yako, na ya wenzako huioni.

Sharti hilo lina mianya miwili ambayo wengi hawaijui. Kwanza, kwenye kikundi bluu haizimiki. Ukishasoma, aliyeandika anaweza kubonyeza ujumbe wake na kuona jina lako kwenye orodha ya waliosoma. Pili, ujumbe wa sauti. Ukiusikiliza, alama ya kipaza sauti inageuka bluu kwa aliyeutuma hata kama ulizima tiki zako zote. Kwa hiyo yule anayejibu "sijaona ujumbe wako" baada ya kusikiliza sauti yako, sasa unajua la kumwambia, au la kunyamazia.

Je, wajua kwamba WeChat ya China, iliyoanza Januari 2011 na kufikia watumiaji zaidi ya bilioni moja, haina kabisa alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa? Si kwamba waliishindwa. Allen Zhang, kiongozi wa walioibuni, alikataa makusudi, ili mpokeaji asilazimike kujibu. Japani wakaenda kinyume. LINE ilizinduliwa Juni 2011, miezi mitatu baada ya tetemeko kubwa na tsunami ya tarehe 11 Machi, siku ambazo watu walihangaika kuwapata ndugu zao bila mafanikio, na alama ya "imesomwa" ikawa sehemu ya mazungumzo yake. Katika nchi iliyotoka kwenye janga la namna hiyo, alama ile inasomeka kama habari njema: mwenye simu yu hai. Binafsi nipo upande wa Zhang siku za kawaida na upande wa Wajapani siku ya mafuriko.

Je, wajua kwamba zamani mtu aliona kila herufi ukiibonyeza? Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Doug Brown na David Woolley walitengeneza Talkomatic ndani ya mfumo wa kompyuta ulioitwa PLATO. Skrini iligawanywa mafungu, watu hadi watano wakazungumza kwa wakati mmoja, na kila herufi ilionekana kwa wote papo hapo. Ukikosea, wameona. Ukiandika neno la hasira, ukajuta, ukalifuta, wameshalisoma. Leo imebaki "anaandika…" peke yake, nayo inatosha kumnyima mtu usingizi, hasa inapotokea, ikapotea, ikatokea tena, halafu ikaja "sawa".

Je, wajua kwamba WhatsApp haikuanza kama programu ya ujumbe? Jan Koum, aliyehama Ukraine akiwa kijana na mama yake na kufikia Mountain View, California, aliisajili kampuni Februari 2009 akiwa na wazo dogo: pembeni ya jina la kila mtu kwenye kitabu cha simu kuwe na hali yake. Nipo kazini. Betri inakaribia kuisha. Siwezi kupokea. Mwaka huohuo Apple ikaruhusu programu kutuma arifa kwenye simu hata kama hazijafunguliwa, na marafiki wa Koum wakaanza kuzitumia zile hali kupigana vijembe na kujibizana. Watumiaji wakawa wameshaigeuza programu kabla ya mwenyewe. Koum akaongeza ujumbe.

Mshirika wake, Brian Acton, aliomba kazi Facebook mwaka huo wa 2009 akakataliwa. Februari 2014 Facebook ilikubali kuinunua WhatsApp kwa takriban dola bilioni 19, wakati kampuni ina watumiaji milioni 450 na wafanyakazi 55 tu. Mezani kwa Koum kulikuwa na kikaratasi alichoandika Acton kikikataza matangazo, michezo na mbwembwe. Hapo palikuwa na orodha ya wanachokitaka watumiaji, kwa kukataa.

Hali zile za maneno zilikuja kuleta ugomvi baadaye. Februari 2017 WhatsApp ilizitoa na kuweka za picha na video zinazopotea baada ya saa 24, ambazo leo tunaziita stetasi na tunazitumia kuuzia vitenge, viwanja na keki. Watu walilalamika sana kuhusu ile ya maneno. Machi ikarudishwa, na ya picha ikabaki pia. Sasa tuna zote mbili, na wapo wenye kuzitumia zote mbili kumsema mtu mmoja.

Je, wajua kuwa kuficha kwamba upo mtandaoni kulichelewa kuliko kuficha mara ya mwisho ulipoonekana? Hii ya pili iliruhusiwa kwenye Android mwaka 2014. Ya kwanza ilisubiri hadi Agosti 2022. Kwa miaka minane uliweza kuficha saa uliyoondoka, lakini ukiwa umekaa sebuleni kila mtu anakuona.

Je, wajua kwa nini QQ iliishinda ICQ nchini China? ICQ, programu ya Waisraeli iliyoanza Novemba 1996 na ambayo mlio wake wa kuingia ujumbe wengi wa rika langu hawajausahau, ilihifadhi orodha ya marafiki ndani ya kompyuta unayoitumia. Kwa Mmarekani mwenye kompyuta nyumbani hilo halikuwa tatizo. Kwa Mchina wa mwaka 1999 aliyeingia intaneti kafe, leo kompyuta hii, kesho ile, ilikuwa kila siku kuanza upya. Tencent, kampuni yenye QQ, ikaihifadhi orodha kwenye seva yake, marafiki wakamfuata mtu popote alipokaa. Yeyote aliyewahi kulipia nusu saa kwenye kafe ya Posta au ya River Road anaelewa uzito wa jambo hilo. ICQ yenyewe ilizimwa tarehe 26 Juni 2024.

WhatsApp ilikwenda hatua moja mbele: hakuna jina la kuingilia, hakuna nywila, namba ya simu yatosha. Raha hiyo ina gharama yake. Ukitaka kununua sofa kwa mtu usiyemjua, lazima umpe namba. Programu nyingine ya ujumbe, Signal, ilipata dawa Februari 2024, ikaruhusu mtu awe na jina la utumiaji na namba aifiche.

Na laini mbili? Huku kwetu mtu mwenye laini moja ni nadra. Mtandao huu kwa bando, ule kwa kutumiwa pesa. Lakini akaunti mbili za WhatsApp ndani ya programu moja zilitangazwa Oktoba 2023 tu, tena kwa Android kwanza. Kabla ya hapo wengi walipakua WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, bila kuwa na biashara yoyote. Ukikuta jirani yako ana akaunti ya biashara isiyo na bidhaa wala saa za kazi, usimshuku. Ilikuwa laini ya pili.

Je, wajua kwamba kwa siku moja watu hutumiana sauti bilioni 7 kwenye WhatsApp? Ndiyo hesabu iliyotolewa na kampuni yenyewe Machi 2022. Ujumbe wa sauti uliingia humo Agosti 2013, WeChat ikiwa imeshautangulia mwaka 2011, ingawa kule mtu hapewi zaidi ya sekunde 60. Sijui kama Wachina wanajua bahati waliyo nayo.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kipengele hiki kilikuja kama mvua. Kwanza kibodi za simu nyingi huja zimewekwa Kiingereza, na kila neno letu linageuzwa kuwa kitu kingine kabla hujainua kidole. Pili, bibi aliyeko Tanga au Malindi ambaye hasomi maandishi madogo bila miwani anabonyeza, anasema, anaachia. Tatu, kuna mambo hayaandikiki. Pole ya msiba ikiandikwa ina ubaridi. Ikisemwa, na kikohozi chake na kunyamaza kwake katikati, inafika. Na kuna ndugu zetu walioko Dubai: Umoja wa Falme za Kiarabu umezuia kwa miaka mingi simu za WhatsApp, lakini ujumbe unapita. Kwa hiyo mama aliyeko Zanzibar na binti aliyeko kazini kule huzungumza kwa sauti za kupokezana, dakika tatu huku, dakika nne kule, mazungumzo ya siku nzima.

Tatizo la sauti ni moja, na ni la msikilizaji. Unaweza kuisoma barua kwa kurukaruka; sauti huwezi. Ndiyo maana Juni 2021 iliwekwa kasi ya mara moja na nusu na mara mbili, na watu wakagundua kwamba shemeji anayeburuta maneno anasikika vizuri zaidi akiharakishwa. Novemba 2024 ikatangazwa huduma ya kuigeuza sauti kuwa maandishi, kazi ikifanyika ndani ya simu yenyewe ili siri isitoke. Lugha zilizoanza nazo kwenye Android zilikuwa Kiingereza, Kihispania, Kireno na Kirusi. Kiswahili, lugha ya watu wanaoongea kwenye simu kuliko wanavyoandika, hakikuwemo.

Je, wajua kwamba kufuta ujumbe kwa wote kulipoanza, Novemba 2017, ulipewa dakika 7? Mwaka uliofuata ikawa saa moja, dakika 8 na sekunde 16, hesabu ya ajabu ambayo ilizua maswali mengi kuliko kipengele chenyewe. Agosti 2022 muda ukaongezwa hadi zaidi ya siku mbili. WeChat imebana: dakika 2, basi.

Lakini kufuta huku si kufuta. Kunabaki lile bango la kwamba ujumbe umefutwa, na kwa mtazamo wangu hakuna sentensi iliyowahi kuleta udadisi zaidi kwenye ndoa na kwenye vikundi vya kazini. Watumiaji wameomba bango liondolewe. Wenzao, au tuseme walewale siku nyingine, wameomba waone kilichofutwa. Kampuni imekataa yote mawili, nami naona imefanya vema.

Wasioridhika wakahamia kwenye matoleo ya vichochoroni. GB WhatsApp, ambayo si ya kampuni na haipo kwenye duka rasmi la programu, imeenea Afrika nzima kwa sababu ya ahadi zake: kuusoma ujumbe uliofutwa, kuficha tiki huku ukiziona za wenzako, kuficha kwamba unaandika. Kuona bila kuonekana, kumefungashwa tayari. Anayeitumia huhatarisha kufungiwa akaunti, na hana namna ya kujua nani mwingine anasoma ujumbe wake. Oktoba 2022 kampuni ya Meta, mmiliki wa WhatsApp, ilifungua kesi Marekani dhidi ya watengenezaji wa matoleo mengine ya aina hiyo, ikidai akaunti zaidi ya milioni moja ziliibwa kupitia kwao. Aliyetaka kuchungulia alichunguliwa.

Kuhariri ujumbe kulichelewa ajabu. Telegram iliruhusu mwaka 2016, na inatoa saa 48. Apple ilifuata Septemba 2022, dakika 15, na mpokeaji anaweza kuyaona maneno ya mwanzo. WhatsApp ikaingia Mei 2023, dakika 15 pia, lakini ya mwanzo hayaonekani.

Je, wajua kwamba kabla ya Aprili 2019 mtu yeyote mwenye namba yako aliweza kukutia kwenye kikundi bila kukuuliza? Unaamka, umo kwenye kamati ya harusi ya mtu usiyemkumbuka, na michango imeshaanza kutajwa kwa majina. Mwezi huo ikawekwa mipangilio ya kuchagua nani anaruhusiwa kukuingiza. Ipo mpaka leo, kwenye sehemu ya faragha, na ni wachache walioigusa.

Kuingia ni shida ndogo, kutoka ndiyo kazi. Kwa miaka mingi aliyetoka alitangazwa mbele ya wote, na katika jamii zetu kutoka kwenye kikundi cha ukoo ni tamko. Watu wamevumilia vikundi vya shule ya msingi muongo mzima kwa kuogopa mstari mmoja wa kijivu. Agosti 2022 kampuni ikatangaza kutoka kimyakimya: anayearifiwa ni admini peke yake. Usishangilie sana. Orodha ya waliotoka ndani ya siku 60 zilizopita huonekana na kila mwanachama anayejua pa kubonyeza, na katika kila ukoo kuna shangazi mmoja anayejua pa kubonyeza.

Njia ya wengi imekuwa kuzima sauti. Hapo pia kulikuwa na kichekesho: muda mrefu kabisa uliowezekana ulikuwa mwaka mmoja, kisha kelele zinarudi. Oktoba 2020 ikaletwa "daima".

Idadi ya wanakikundi imekuwa ikipanda: 50, kisha 100, mwaka 2016 ikawa 256, mwaka 2022 ikawa 512 na kabla mwaka haujaisha 1,024. Telegram inaruhusu 200,000, ambacho si kikundi tena, ni mkoa. Wenye vikoba na chama wanaofanya mahesabu yao humo wanajua kwamba hata watu 25 wanatosha kumshinda mweka hazina. Kura za kuchagua zilizoongezwa Novemba 2022 zimewasaidia hao kuliko nafasi za watu elfu. "Mkutano Jumamosi au Jumapili?" sasa hujibiwa kwa kubonyeza, zamani ilikuwa ujumbe 60 na hasira tatu.

Je, wajua kwamba kuna kipengele kilichopendwa kwa kupunguzwa? Zamani uliweza kusambaza ujumbe mmoja kwa mazungumzo mengi mno kwa mguso mmoja. Mwaka 2018 nchini India uvumi wa watekaji watoto ulisambaa namna hiyo, na makundi yenye hasira yakaua watu wasio na hatia. Kampuni ikaweka lebo ya "umesambazwa", ikapunguza hadi mazungumzo matano, kwanza India, kisha dunia nzima Januari 2019. Aprili 2020, wakati wa korona na maagizo ya kujifukiza na tangawizi, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Kampuni ilisema usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Hakuna mtumiaji aliyeandika barua kuomba akatwe mikono hivyo, na bado wengi wanashukuru.

Kuhusu siri, mafupi. Tangu Aprili 2016 ujumbe wote wa WhatsApp unafungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji pekee, kwa mbinu iliyobuniwa na watu wa Signal. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayafungwi hivyo. Lazima uchague mazungumzo ya siri, na wengi wanaoisifu kwa usiri hawajawahi kuyafungua. Nakala ya akiba inayopelekwa Google au Apple nayo haikuwa na kufuli hilo hadi mwaka 2021, na hata sasa sharti uiwashe mwenyewe. Mwaka 2016 mahakama moja ya Marekani iliitaka Signal itoe habari za mtumiaji. Ilichokuwa nacho ni tarehe ya kufunguliwa akaunti na siku ya mwisho ilipounganishwa. Hakuna zaidi.

Ya haraka haraka: emoji 176 zilizochorwa na Shigetaka Kurita kwa ajili ya kampuni ya simu ya Japani mwaka 1999 ziliingizwa kwenye makumbusho ya sanaa ya MoMA, New York, mwaka 2016. Rangi za ngozi za kuchagua zilikuja mwaka 2015. Emoji ya mwanamke aliyevaa hijabu ilipendekezwa na msichana Msaudia aliyekuwa akisoma Berlin, Rayouf Alhumedhi, ikatoka mwaka 2017. Skype, iliyowaunganisha wengi wetu na ndugu wa ughaibuni kwa picha za kukwamakwama, ilifungwa Mei 2025.

Je, wajua kwamba tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika pamoja kwa takriban saa sita, na siku hiyo Telegram ilipata watumiaji wapya milioni 70? Wengine wanazimiwa kwa makusudi, kama wakati wa uchaguzi wa Tanzania Oktoba 2020 na wa Uganda Januari 2021. Januari 2023 WhatsApp iliongeza njia ya kuunganishwa kupitia seva ya mtu mwingine pale programu inapofungwa, ingawa intaneti yote ikikatwa haisaidii. Kwa hali hiyo kuna programu ambazo ujumbe wake huruka kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth. Waandamanaji wa Hong Kong walitumia FireChat mwaka 2014, na Julai 2025 Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, alitoa nyingine inayoitwa Bitchat.

Na ombi la zamani kuliko yote, kwetu bado halijajibiwa: kwa nini aliye kwenye programu hii asimwandikie aliye kwenye ile? Julai 1999 Microsoft iliizindua MSN Messenger ikiwa na uwezo wa kuzungumza na watu wa AOL, huduma pinzani. AOL ikaifungia, Microsoft ikapata upenyo, ikafungiwa tena, mchezo ukaendelea kwa miezi hadi Microsoft ikachoka. Leo Umoja wa Ulaya umelazimisha kwa sheria: WhatsApp na Messenger ya Facebook zilitajwa Septemba 2023 kuwa huduma zinazopaswa kufungua milango, ujumbe wa mtu na mtu kwanza, vikundi ndani ya miaka miwili, simu ndani ya minne, kila kampuni ndogo itakapoomba. Sheria hiyo ni ya walioko Ulaya. Mkazi wa Mwanza au Kisumu anayetaka kumpata mteja wa Telegram, mwalimu wa WhatsApp na mwanawe wa Signal ataendelea kubeba programu tatu kwenye simu inayomwambia kila jioni kwamba nafasi imejaa.